Databesi inagoma kukaa kwenye diski ya nje

ngamiani_boy: Habari za jioni wakuu, nipo Tanga hapa, nina PostgreSQL (programu ya databesi) kwenye kompyuta ya Ubuntu (mfumo wa Linux) ya duka la vipuri, diski ya ndani imejaa nikanunua ya nje ya 1TB nataka databesi mpya ikae huko. Folda nimetengeneza, nikiandika CREATE TABLESPACE (amri ya kuipa databesi sehemu nyingine ya kukaa) inaniletea permission denied, yaani ruhusa hakuna. Nimepiga chmod 777 (kila mtu aruhusiwe kila kitu) mpaka vidole vimechoka, wapi! Shida nini?

mzee_wa_seva: Kijana hiyo 777 achana nayo. Folda iwe tupu na mmiliki awe postgres (akaunti inayoendesha databesi), yaani piga sudo chown postgres:postgres halafu njia ya folda. Ila diski si umeichomeka tu ikajifungua yenyewe kule /media? Basi hapo ndo penye mchezo, ile folda ya juu yenye jina lako postgres haruhusiwi hata kupita. Iweke kwenye fstab (faili la kupangia diski zifunguke wapi kompyuta ikiwaka) ikae /mnt/data.

raskazone_dada: Na fomati ya diski (mpangilio wa kutunza faili) umeangalia? Nyingi za dukani zinakuja na exFAT, hiyo haitunzi mmiliki wa faili kwahiyo chown haishiki. Mimi ilinila siku nzima. Hamisha vilivyomo kwanza ndo uipige ext4, fomati ya Linux.

ngamiani_boy: Dada umelenga, ni exFAT kweli!! Nimefomati, nikafanya ya mzee, imekubali. Sasa naweza kuichomoa nikaisomee kompyuta ya nyumbani?

mzee_wa_seva: Weee usithubutu. Katalogi (kumbukumbu ya databesi kuhusu vilivyomo) imebaki diski ya ndani, kule haitafunguka. Tumia pg_dump, amri ya kutoa nakala ya databesi.