Mpwa wangu analishwa kwa mshipa tangu azaliwe, hajatembea. Tuwe na wasiwasi?

Mjomba_Ngamiani: Wakubwa shikamooni. Dada yangu yuko Uingereza. Mwanawe alizaliwa njiti, wiki ya 28, utumbo ukaoza, ukakatwa sehemu kubwa. Sasa ana miezi 20 na chakula chake ni dripu, masaa 12 kila usiku, kwa mrija uliopita kifuani hadi mshipa mkubwa. Mashavu kama andazi! Ila anashika meza tu, hatembei, na maneno hayazidi mawili. Huku Tanga, Barabara ya 12, mama keshaamua: asiyetafuna hasemi, anyweshwe kombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Dada analia kwenye simu.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, hesabu umri kwanza. Amewahi kama miezi mitatu, mtoeni hiyo. Huyo ni wa miezi 17, na wapo wazima kabisa wanaotembea kwenye 18. Hesabu hiyo tunaenda nayo mpaka miaka miwili. Lakini sisemi mlale usingizi. Mrija ukiingia vijidudu, vinakwenda moja kwa moja kwenye damu, na kila kulazwa, kila nusukaputi, ni siku alizokosa kucheza. Ini nalo hulemewa. Nyongo isipotoka vizuri, manganizi, madini yaliyomo kwenye dripu, hujikusanya ubongoni. Dada aulize majibu ya ini, chuma na manganizi, asingoje kuambiwa.

Kijana wa Chumbageni: Kumbe dripu inaharibu akili?

Nesi Mstaafu: Hapana baba. Bila hiyo asingeishi. Nasema yanayoizunguka, na unjiti wenyewe una mchango wake.

Mama Pacha: Wangu mmoja alilishwa kwa mpira wa puani miezi saba. Si sawa na huyo, ila mdomo ulikuwa uleule: akiona kijiko anatapika. Tulianza kumpaka maji ya embe midomoni, na tukila tunamkalisha mkekani na sisi. Bi mkubwa huenda ana chembe ya ukweli, ulimi unaozungusha uji ndio huohuo unaozungusha maneno. Daktari aseme tu ni kipi aonje. Halafu kuhusu kutembea, alikuwa analazwa kifudifudi akiwa macho, shingo na mgongo vikaze?

Mjomba_Ngamiani: Nimemuuliza. Mwaka mzima wa kwanza walimbeba tu, wakiogopa mrija kuchomoka. Sasa anaomba apangiwe mtu wa mazoezi. Mama nimemsomea yote. Kanyamaza, kisha kauliza embe zikipanda ndege zinafika salama? Kombe hajalifuta.