Plugini inaandika CRITICAL lakini Nagios inaonyesha kijani, nimechoka

katuba_admin
Jambo yenu bote. Niko Lubumbashi, ninachunga seva tatu mu biro moja ndogo, na huku kuranti inaenda inarudi vile inapenda yenyewe, kwa hiyo kitu ya kwanza nilitaka kujua ni batri ya ondulere (UPS, ile inashikilia seva kuranti ikienda) imebakia na ngapi. Nagios, programu yangu ya kuchunga mashine na kunipigia alarme, iko ku laptop ya zamani yenye batri yake, kamba ya USB ya ondulere imeingia palepale, NUT (programu ya kuongea na ondulere) imeshawekwa, ukiandika amri yake upsc namba zinakuja bila shida. Njo nikajiandikia plugini, script ndogo ya Nagios kuendesha ili ipime batri:

```
b=$(upsc ondulere battery.charge)
if [ "$b" -lt 20 ]; then
  echo "CRITICAL - batri $b%"
  logger "batri iko chini: $b"
else
  echo "OK - batri $b%"
fi
```

Juzi usiku kuranti ikaenda, mie nimelala zangu juu simu haikulia hata mara moja. Asubuhi nakuta seva ya hesabu ilizimika katikati ya kuandika, nimeshinda siku nzima narudisha database. Naangalia mu logi ya laptop, nakuta "batri iko chini: 14", kumbe plugini iliona! Nikatoa ondulere ku prizi makusudi, nikakaa mbele ya skrini nangoja, batri ikashuka mpaka 19, Nagios ikaandika CRITICAL vizuri kabisa, lakini rangi ya kijani, kijani ya majani kabisa. Nani anaweza kunielewesha?

muzee_wa_terminal
Mdogo wangu, Nagios haisomi hilo neno. Andika CRITICAL, andika salamu za Pasaka, kwake ni sawasawa, maandishi ni ya wewe kusoma tu. Yenyewe inaangalia namba ambayo programu inaacha wakati inatoka: 0 ni OK, 1 ni WARNING, 2 ni CRITICAL, 3 ni UNKNOWN, basi. Sasa kwako amri ya mwisho kabla ya kutoka ni ile logger, imefanya kazi yake vizuri ikarudisha 0, na script nzima ikatoka na hiyo 0. Endesha plugini kwa mkono halafu hapohapo andika `echo $?`, utaiona mwenyewe. Chini ya logger weka `exit 2`, upande wa OK weka `exit 0` hata kama unaona haina maana.

goma_sysop
Muzee amesema kweli lakini kuna shimo ingine hapo ndani mbaya kuliko hiyo. Chomoa kamba ya USB, ngoja kidogo, kisha endesha plugini utuambie inasema nini.

katuba_admin
Aksanti yaya, exit 2 imeingia, sasa nyekundu inatoka. Goma_sysop nimechomoa, ona:

```
[: : integer expression expected
OK - batri %
```

OK batri asilimia ya hewa!! Yaani ondulere haiko na bado inaniambia kila kitu iko sawa??

goma_sysop
😂 ndiyo hivyo. upsc imekosa mtu wa kuongea naye, $b ikabaki tupu, kulinganisha tupu na 20 ni kosa, bash inachukua kosa kama "hapana" inaruka kwa else, na else yako ni OK. Else isiwe OK kamwe kwa plugini kama hujahakikisha kwanza kama namba ni namba. Juu ya if weka hii:

```
case "$b" in
  ''|*[!0-9]*) echo "UNKNOWN - ondulere haijibu"; exit 3;;
esac
```

Na wenye kuandika kwa Python musicheke, Python ikianguka na traceback (ripoti ya kosa) inatoka na 1, Nagios inaona WARNING ya njano na wewe unafikiri ni disiki imejaa kidogo. Mimi niliishi na njano kama hiyo karibu wiki mbili, kumbe plugini ilikuwa imekufa. Funga yote ndani ya try, ikianguka itoke na 3.

muzee_wa_terminal
Ongeza na hii: usiijaribu ukiwa root. Jaribu na `sudo -u nagios` na njia kamili ya faili, juu PATH ya Nagios (orodha ya mahali inatafuta amri) siyo yako. Ukiona "return code of 127" ujue haikupata kitu ya kuendesha, 126 ni ruhusa.

Halafu swali: simu ingelia kwa njia gani? Barua pepe?

katuba_admin
Barua pepe ndiyo, kupitia ruta ya biro... ambayo iko ku ondulere ileile. Eeh. Nimeona.

muzee_wa_terminal
Umejijibu. Nunua modemu ya USB ya SIM, ichomeke ku laptop, weka gammu (programu ya kutuma SMS kupitia modemu), amri ya notification itume SMS. Kuhusu makelele, kuranti ikikatika sekunde kumi usiamshwe bure: max_check_attempts 3 na retry_interval 1, hapo Nagios inahesabu kosa kuwa "soft" mpaka mara ya tatu ndipo inatuma. Ila batri inashuka haraka, check_interval ya dakika 5 ni ndefu, weka 1. Na mpaka wa kuonya usiwe 20, batri ikizeeka toka 20 inaanguka mara moja, afadhali usome battery.runtime, inakupa sekunde zilizobaki.

Na plugini ni ya kukuambia tu, haikuokoi. Kuzima seva polepole ni kazi ya upsmon ya NUT, iweke ku kila seva isikilize laptop.

katuba_admin
Imefanya kazi! Nimetoa prizi saa nne, SMS imeingia baada ya dakika mbili na kitu. upsmon nafanya kesho.

goma_sysop
Angalia unite za hiyo SIM. Zangu ziliisha siku ileile nilizihitaji. Kuna `gammu getussd`, inauliza salio, hiyo nayo iandikie plugini.

katuba_admin
Na ikikosa jibu, exit 3 😅