Naombeni ushauri: bomba la jiko la kuni limeganda lami nyeusi, brashi haifui dafu

Mama_Wawili
Habari zenu wadau. Nina jiko la kuni la chuma, lile la kupashia nyumba joto, huu ni msimu wa pili nalitumia. Bomba lake limetoboa ukuta likapanda kwa nje mpaka juu ya paa. Kama wiki mbili hivi nimeanza kusikia harufu kali ya lami sebuleni hata moto ukiwa umezimika, na kioo cha mlango kila asubuhi nakikuta cheusi tii. Jana nikafungua kiungo cha bomba nikakuta ndani kuna kitu cheusi kinang'aa kama kimepakwa vanishi, kigumu, sio yale masizi ya kupukutika. Nimesugua na brashi nusu saa nzima inateleza tu, nikigonga kwa ukucha kinalia kama kioo. Usiku huwa najaza kuni nafunga hewa ili moto ukae mpaka asubuhi, maana watoto wanalala chumba cha pili na baridi ni kali. Naking'oaje? Na naweza kuendelea kuwasha huku natafuta dawa? Naogopa jamani.

Mzee wa Dohani
Dada, usiwashe tena, hata njiti moja. Hiyo ni kreosoti, yaani lami ya moshi wa kuni inayoganda kwenye bomba, na imeshafika hatua mbaya kabisa. Mwanzo inakuwa unga laini unaotoka kwa brashi, ikiachwa inakuwa magamba meusi ya kukatika katika, ikiendelea inageuka hicho kioo unachokisema. Hicho ni kama mafuta yaliyoganda, cheche moja ikipanda kinashika, na moto wa ndani ya dohani unaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mimi ulinikuta miaka ya nyuma. Nilisikia mngurumo kama ndege inapita juu ya paa, kutazama naona bomba linawiva jekundu. Tulitoka nje wote tukaita zimamoto, nyumba ilipona ila vigae vya udongo vya ndani ya dohani vilipasuka juu mpaka chini. Likitokea hilo funga hewa ya jiko kama unaweza kuifikia bila hatari, toa watu, piga simu, na usimwage maji humo, bomba la moto likikutana na maji ya baridi linapasuka.

kipepeo77
Mbona rahisi, washa moto mkali saa nzima iungue yenyewe iishe, sisi tulikuwa tunafanya hivyo

Mzee wa Dohani
Mkuu hapo nakukatalia kabisa. Huko ni kuuwasha moto wa dohani kwa makusudi, na kuna watoto ndani. Kama kwenu haikushika ni bahati tu, usimpe mwenzio ushauri wa bahati.

Fundi Bati
Namuunga mkono Mzee. Hiyo hatua ni ya fundi wa dohani, wana minyororo ya kuzungushwa kwa mashine inayoivunja, na kuna dawa za unga za kuilainisha, ila dawa peke yake haisafishi, lazima baadae ipite brashi. Tena usiendelee kukwangua kwa nguvu, kama bomba lako ni la chuma cha pua waya wa chuma unalichuna, hilo linataka brashi ya plastiki yenye kipenyo sawa na bomba. Sasa swali langu, kuni zako zilipasuliwa lini na unazitunzaje? Maana ukisafisha leo bila kujua imetoka wapi, itarudi msimu huu huu.

Mama_Wawili
Zina miezi mitatu tangu zipasuliwe, nimezifunika turubai mpaka chini zisilowe. Zikiwaka zinatoa povu na maji kwenye ncha zinachuchuma, nilijua ni kawaida.

Fundi Bati
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Hizo bado mbichi. Joto linaishia kuchemsha maji, moto unabaki kufukuta, moshi unapanda ukiwa mzito na wa baridi, ukigusa bomba lililo chini ya nyuzi 120 hivi unaganda pale pale. Ongeza na bomba lako lote liko nje kwenye baridi, na usiku unafunga hewa, yaani vitatu vyote umevikusanya pamoja. Turubai lifunike juu tu, ubavuni upepo upite. Nunua kipima unyevu, pasua gogo upime upande mpya wa ndani, sio ganda la nje, isome chini ya asilimia 20. Miti migumu mingine inataka mwaka na zaidi. Usiku weka kuni, ziache ziwake vizuri zishike zote kwanza, ndio upunguze hewa kidogo kidogo, usiifunge yote. Na mwambie fundi akuambie bei ya kulivalisha bomba la nje kizuia joto.

Nuru ya Asubuhi
Mimi huwa nachungulia kwa tochi kila mwezi wakati wa baridi, utando ukifika milimita 3 nasafisha sisubiri. Na angalia kofia ya juu, ule wavu unaziba kabla ya bomba, moshi unarudi ndani. Weka kengele ya kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu ya moto, karibu na wanapolala watoto, haina harufu dada yangu.

Mama_Wawili
Mrejesho wadau. Fundi alikuja juzi, kilichotoka kimejaza ndoo na nusu, vipande vinang'aa kama chupa iliyovunjika. Kwenye kona ya bomba palibaki tundu la kupitisha ngumi tu, na wavu wa kofia ulikuwa umeziba karibu wote. Amekagua hakuna ufa. Kengele nimeshafunga koridoni. Nimenunua na kipima, nikapasua gogo moja nikapima, inasoma 31. Rundo lote nimelihamishia penye upepo, kwa sasa nimepata kuni kavu za kununua, zinasoma 17, na asubuhi ya leo kioo cha mlango nimekikuta cheupe.

Mzee wa Dohani
Alhamdulillahi. Baada ya wiki tatu nne fungua tena kile kiungo uchungulie, ukikuta unga mkavu tu uko sawa.