Kaka yangu anatakiwa awekewe kifaa cha kushtua moyo, naye ni fundi wa kuchomelea. Tufanyeje?

Mwana Chumbageni: Habari zenu wakuu. Kaka yangu ana miaka 44, anachomelea mageti hapa Ngamiani, Tanga. Moyo ulimsimama akiwa tayari wodini, ndiyo pona yake: wakamkandamiza kifua, wakamshtua kwa umeme, akarudi. Sasa madaktari wa Dar wanataka kumpandikiza kifaa kinachokaa chini ya ngozi ya kifua, mapigo yakivurugika kinamshtua chenyewe. Mama hataki kusikia habari za umeme mwilini mwa mwanawe. Shemeji analia na bei. Kaka anauliza kitu kimoja tu: ataendelea kuchomelea? Naombeni ushauri, hasa wenye nacho.

Babu Raskazone: Pole mjukuu wangu. Mimi nina betri ya moyo miaka mingi na Deep Sea nakwenda mwenyewe kununua samaki. Mtoeni mama hofu.

Dada wa Zamu: Shikamoo babu. Yako huenda ni ile ya kuusukuma moyo unaopiga polepole. Ya kaka ni ICD, inauvizia moyo unaokwenda mbio za hatari.

Babu Raskazone: Marahaba. Nimetazama kadi, kweli imeandikwa pesimeka. Endelea mwanangu.

Kipara Ngoto: Mimi nasema dawa tu. Jirani anameza amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, na anadunda. Mamilioni yote hayo ya nini?

Dada wa Zamu: Hilo lilishapimwa, Kipara. Utafiti wa AVID wa Marekani na Kanada, uliotoka 1997, ulichukua wagonjwa 1,016 walionusurika moyo kusimama au mapigo ya kasi ya hatari. Kundi moja kifaa, jingine dawa, nyingi zikiwa hiyohiyo amiodaroni. Baada ya miaka 3 walikuwa hai asilimia 75 hivi ya wenye kifaa, na 64 ya wenye dawa. Tofauti ipo, ila msiuziwe muujiza: robo ya wenye kifaa nao walifariki, kwa sababu kinazima vurugu ya mapigo, ugonjwa wa moyo kinauacha palepale. Vidonge vyake vya moyo haachi.

Tena hawakunufaika sawa. Waliofaidika zaidi ni wale ambao moyo umechoka, kila pigo unasukuma chini ya asilimia 35 ya damu iliyomo. Kabla hamjachangishana ulizeni eko, yaani kile kipimo cha picha ya moyo, inasoma asilimia ngapi, na moyo ulisimama kwa nini. Ikiwa ni potasiamu, ile chumvi ya damu, iliyoshuka, au shambulio la moyo la siku ileile, kwa kawaida hutibiwa chanzo kwanza.

Mwana Chumbageni: Wamesema moyo umetanuka, eko 28.

Dada wa Zamu: Basi madaktari wenu hawajakurupuka.

Fundi Pongwe: Mimi ninacho. Kilishanipiga, ni kama ngumi ya kifua inayotoka ndani. Mke wangu alikuwa amenishika, hakudhurika. Niliambiwa hivi: mshtuko mmoja na uko sawa, pigia kliniki, miwili au zaidi ndani ya siku moja, au ukizimia, hospitali mbio. Simu isikae mfuko wa shati, tumia sikio la upande usio na kifaa. Mkono wa upande wake usiupandishe juu ya bega wiki kadhaa za mwanzo.

Kuchomelea ndiko kwenye kazi. Mashine ikivuruga umeme, kifaa kinaweza kudhani moyo umeharibika kikamshtua bure. Watengenezaji wengi huruhusu kwa masharti: ampea zisizidi 130, kifua kikae mbali na moto na mashine angalau sentimita 60, nyaya zilazwe pamoja, asifanye akiwa amelowa wala peke yake. Bomba jembamba la geti haliombi ampea nyingi. Chesisi za malori aachie vijana. Ila aina ya kifaa chake ndiyo yenye neno la mwisho, amuulize daktari kabla ya upasuaji.

Mama Sahare: Bei msiihesabu mara moja. Betri ikiisha baada ya miaka kadhaa kasha hubadilishwa, na ukaguzi ni wa kila miezi, nauli ya Dar juu yenu. Bima iulizwe kwa maandishi, na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali msiione aibu.

Mwana Chumbageni: Ahsanteni sana. Mama nimemsomea yote, sasa anataka kuongea na daktari mwenyewe. Tunaondoka naye Jumatatu, mrejesho nitauweka hapahapa.