MJADALA: Bima ya afya iwe ya lazima kwa kila mtu, au akate anayetaka?

Mwanzisha mada

Wakuu, salamu. Serikali yoyote ikitangaza mageuzi ya afya, watu hukubali hospitali zijengwe, dawa zipatikane na madaktari waajiriwe. Likishatajwa neno "lazima", moto unawaka.

Niseme msimamo wangu mapema: mimi ni wa lazima. Ugonjwa haupigi hodi. Asiye na bima akianguka barabarani hatumwachi afe. Anapelekwa hospitali, anatibiwa, na bili inayomshinda inahamia kwa wengine, ama kupitia kodi, ama kupitia bei inayopandishwa kimyakimya kwa yule anayelipa. Kwa hiyo kuchangiana tunachangiana tayari, ila vibaya na kwa kuchelewa, mgonjwa akiwa ameshafika mahututi. Ujerumani chini ya kansela wake Bismarck ililiona hili mwaka 1883, japo ilianza na wafanyakazi tu: mfanyakazi alitoa theluthi mbili ya mchango, mwajiri theluthi moja, na hakuna aliyeulizwa kama anajisikia kujiunga.

Anayepinga aje na hoja. Matusi tuyaache mlangoni.

Sijawahi Kulazwa

Napinga. Nina miaka 27, sivuti, sinywi, nakimbia kila asubuhi. Mara ya mwisho kumwona daktari nilikwenda kutolewa mwiba mguuni. Leo naambiwa nitoe mchango uleule wa mtu wa miaka 60 mwenye kisukari na presha. Hiyo mnaiita bima kwa nini? Bima hupima hatari. Hiki ni kodi iliyovalishwa koti la bima. Mkitaka nisaidie wagonjwa, niambieni hivyo usoni, tuzungumze kama watu wazima.

Hesabu Kwanza

Mdogo wangu Sijawahi, nimeshughulikia madai ya bima miaka mingi, naomba nikueleze inavyokuwa ndani ya mfuko.

Ukisema akate anayetaka, anayekimbilia wa kwanza ni yule anayejua anaumwa. Kijana kama wewe unangoja. Mfuko unajaa wagonjwa, matumizi yanapanda, mchango unapandishwa. Wale wazima wachache waliokuwemo wanapiga hesabu, wanaona hailipi, wanatoka. Mchango unapanda tena. Mwisho mfuko una wagonjwa watupu na ada ambayo hakuna anayeiweza.

Sisimulii nadharia. Jimbo la Washington kule Marekani lilipitisha mageuzi mwaka 1993: kampuni zisimkatae mtu kwa sababu ya ugonjwa alionao, na kila mtu awe na bima. Mwaka 1995 wanasiasa wakafuta kipengele cha lazima, ila sharti la kutomkataa mgonjwa wakaliacha. Watu wakawa wanakata bima wakiugua au wakipata mimba, wakishahudumiwa wanaiacha. Ilipofika 1999 hapakuwa na kampuni jimboni humo inayouza bima mpya kwa mtu binafsi. Siyo ghali, mdogo wangu. Haikuwepo sokoni.

Wewe unataka bima ikungoje hadi siku ya kuugua. Hakuna biashara inayoendeshwa hivyo.

Sijawahi Kulazwa

Kaka Hesabu, mfano mzuri, lakini umeukatia njiani. Marekani nzima ilipitisha sheria ya afya ya Obama mwaka 2010, na faini kwa asiye na bima ikaanza 2014. Kuanzia 2019 faini hiyo ikafanywa sifuri. Kwa hesabu zako soko lilipaswa kufa. Halikufa. Mwaka 2024 waliojiandikisha kwenye masoko ya bima yaliyoundwa na sheria hiyo walipita milioni 20, wengi kuliko wakati wa faini. Fimbo imeondolewa, watu wameongezeka. Unasemaje?

Hesabu Kwanza

Nasema umenibana vizuri, na jibu ninalo. Walioongezeka wengi wao wamelipiwa. Serikali inabeba sehemu ya ada kulingana na kipato, na mwaka 2021 ruzuku hiyo ikaongezwa, wengine wakawa hawatoi karibu chochote. Mzima akilipiwa sehemu kubwa ya ada naye anaingia, kwa nini asiingie? Kwa hiyo njia ziko mbili: umsukume mzima kwa fimbo, au umvute kwa ruzuku. Ya tatu sijaiona. Na ruzuku inatoka wapi?

Sijawahi Kulazwa

Kwenye kodi! Si ndicho nilichosema toka mwanzo? Na hata Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2012, majaji watano kwa wanne, iliiokoa ile faini kwa kusema Bunge lina mamlaka nayo kwa kuwa ni kodi. Wanasiasa walikuwa wameapa kwamba siyo. Mimi ninachodai ni kitu kiitwe kwa jina lake.

Mwanzisha mada

Hapo nakupa, ndugu. Kulipa ukiwa mzima ili mwenzako atibiwe ni kodi, hata risiti yake ikiandikwa mchango. Ila jina halibadilishi hoja. Ile 27 yako haikai ilipo, na kuna siku utakuwa huyo wa miaka 60.

Msomaji Mpita Njia

Hospitali zote ziwe bure. Mjadala umeisha.

Mzee wa Daftari

Haujaisha, Mpita Njia, ndiyo kwanza unaanza. Uingereza walianza Julai 1948 wakiwa na nia hiyohiyo: huduma bure unapoihitaji, gharama kwenye kodi. Miaka mitatu baadaye Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha mfumo wenyewe, alijiuzulu kwa sababu serikali yake iliamua watu walipie miwani na meno ya bandia. Mwaka 1952 ikaja ada ya dawa. Na bure ina namna yake ya kudai malipo: mwaka 2023 orodha ya kungoja matibabu England ilizidi milioni saba. Simaanishi mfumo wao ni mbaya. Familia kule haiuzi nyumba kwa ajili ya upasuaji, na hilo si jambo dogo. Nasema usipolipa kwa fedha utalipa kwa foleni, na mwenye fedha ataikwepa foleni.

Lakini nilikuja na neno langu kwa mwanzisha mada. Mwanangu, unasema "lazima" kana kwamba watu wote wana hati ya mshahara. Mwajiriwa hana ubishi, anakatwa kabla hajaiona fedha yake. Je, fundi anayepata kazi wiki hii na wiki ijayo hana? Mkulima anayeshika fedha mara moja kwa mwaka? Hawa utawakata wapi? Utawatumia askari?

Kinachotokea nimekiona mara nyingi. Sheria inaandikwa "kila mtu", mwenye mshahara anakatwa asilimia yake, na asiye na mshahara anawekewa kiwango kimoja cha kulipa mwenyewe. Analipa mwaka wa kwanza, haugui, wa pili haonekani. Halafu mnasema wananchi hawana mwamko. Mwamko wanao. Fedha hawana, au wanayo mwezi ambao dirisha la kulipia limefungwa.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, Rwanda wameweza. Mchango wa mutuelle, bima yao ya afya ya jamii, unategemea kundi la kipato cha kaya, na maskini kabisa analipiwa. Watu wa sekta isiyo rasmi wameingia kwa wingi kuliko nchi nyingi za kiwango chake.

Mzee wa Daftari

Wameweza, na nawapa heshima yao. Lakini angalia kilichoko nyuma ya pazia: utawala unaofika hadi kijijini na kujua kaya kwa kaya, serikali inayotia fedha, na misaada kutoka nje. Ondoa hayo uniambie mchango peke yake ungefika wapi.

Mimi nawatazama Thailand. Kabla ya mageuzi walikuwa na kadi ya hiari kwa wasio na ajira rasmi, baht 500 (fedha yao) kwa kaya, na yakatokea yaleyale ya Hesabu: waliokata ni wagonjwa. Mwaka 2001 wakaacha kuhangaika na mchango. Asiye mtumishi wa umma wala mwajiriwa mwenye hifadhi ya jamii akaingizwa kwa fedha za kodi, na hospitalini alikuwa anatoa baht 30 tu kila anapokwenda. Mwaka uliofuata nchi nzima imeingia. Hakuna kumfukuza fundi mtaani na daftari la michango. Ghana nao, mwaka 2003, waliweka tozo ya asilimia mbili na nusu iliyoambatana na kodi ya ongezeko la thamani (VAT), na tozo hiyo ndiyo inayoubeba mfuko wao hadi leo, siyo ada za wanachama.

Kwa hiyo lazima yako naikubali kwa mwenye mshahara. Kwa asiye nao, lazima iwe kwa serikali.

Sijawahi Kulazwa

Mzee, hiyo ya mwisho nainunua.

Mama Mapacha

Nimesoma yote kimya. Mnabishana mlangoni, mimi niwasimulie chumbani.

Mimi nilikuwa na bima, tena ya kulipia mwenyewe, bila kukosa mwezi. Wanangu walizaliwa kabla ya wakati, wakawekwa kwenye mashine. Siku ya nne naitwa dirishani: watoto hawa hawajasajiliwa, na kuna kipindi cha kusubiri kabla hawajaanza kunufaika. Nikauliza, wangesajiliwaje kabla hawajazaliwa? Yule binti akaniangalia tu, yeye hakuandika ule mkataba. Tulikopa. Tukaandika rufaa, ikajibiwa baada ya miezi mitano kwa barua ya mistari miwili. Wanangu wazima, namshukuru Mungu, lakini deni lile limekwenda shule pamoja nao.

Sasa mnaponiambia "lazima", mimi nauliza: lazima nilipe nini, na wao walazimike nini? Kitita cha mafao kiko wapi, kimeandikwa kwa lugha gani? Nikikataliwa nani anaamua, na kwa siku ngapi? Kampuni inaweza kuniacha nikichelewa mwezi mmoja. Yenyewe ikichelewa miezi mitano, naiacha niende wapi?

Muuguzi wa Zamu

Pole, Mama Mapacha. Upande wa dirisha unaousema ndiko ninakokaa mimi.

Niongeze lisilotajwa humu: bei. Mnagombana nani alipe, hakuna anayeuliza kwa nini bili ni kubwa. Hospitali ikilipwa kwa kila kipimo, vipimo vinaongezeka. Nimeona mgonjwa wa bima akipimwa vitu ambavyo wa fedha taslimu mwenye dalili zilezile hakupimwa. Swali la kwanza mapokezi ni "una kadi gani?", la pili ndilo "unaumwa nini?". Siwatetei wenzangu. Lakini na mifuko nayo inakaa na madai ya hospitali miezi kadhaa bila kulipa, halafu inashangaa dawa zimeisha.

Uswisi kila mtu analazimika kuwa na bima tangu 1996, na kampuni haiwezi kumkataa yeyote kwenye ile ya msingi. Lazima wanayo kamili. Ada zimeendelea kupanda hadi mwaka 2024 wananchi wakapigia kura pendekezo kwamba isizidi asilimia kumi ya kipato cha mtu, na wakalikataa, maana pengo lingezibwa na kodi. Lazima peke yake haishushi bei. Japani imewaingiza wote tangu 1961, na pale serikali ndiyo inayopanga bei ya kila huduma, na kila baada ya miaka miwili inaipitia upya. Daktari wa hospitali binafsi na wa umma wanatumia orodha ileile ya bei.

Hesabu Kwanza

Dada Muuguzi kagonga msumari, na wa upande wangu wanajua. Niongeze kidogo. Ukimlipa daktari kwa kila huduma, atahudumia kupita kiasi. Ukimlipa kwa kichwa, yaani kiasi maalumu kwa kila aliyeandikishwa kwake, atahudumia pungufu. Thailand wanalipa kwa kichwa kwa wagonjwa wa nje. Hakuna njia isiyo na mwizi wake, unachagua mwizi unayeweza kumdhibiti.

Na wale wanaosema tatizo ni watu kupenda hospitali mno, wachangie kidogo waache mzaha: hilo lilipimwa Marekani miaka ya sabini, jaribio la taasisi ya utafiti ya RAND. Waliojilipia sehemu kubwa walitumia takriban asilimia 30 pungufu ya waliotibiwa bure. Wengi afya yao haikutofautiana. Ila maskini waliokuwa tayari na matatizo walifanya vizuri zaidi walipotibiwa bure, hasa wa presha. Na waliochangia walipunguza huduma zote, za lazima na zisizo za lazima. Mgonjwa hajui ipi ni ipi. Angejua asingekwenda kwa daktari.

Mwanzisha mada

Nimewasoma. Bado ni wa lazima, lakini nakiri swali langu nililiweka kichwa chini miguu juu. Nilianza na anayelipa. Ilipaswa nianze na anayelipwa: bei zipangwe na nani, madai yalipwe kwa siku ngapi, kitita kiwe na nini. Hapo ndipo ungekuja na kumwambia kijana wa miaka 27 "toa". Na Mzee kaniondoa kwenye mchango wa kiwango kimoja, siurudii.

Sijawahi, wewe ukilazimishwa, ungetaka nini?

Sijawahi Kulazwa

Viwili tu, kwa maandishi. Kwanza, dai langu likikataliwa, aamue mtu asiyelipwa na mfuko, ndani ya siku 14. Pili, mfuko ukichelewa kuilipa hospitali, mimi nisidaiwe hata senti dirishani.

Hesabu Kwanza

La kwanza linaandikika wiki hii. La pili, mdogo wangu, nimekaa kwenye vikao vingi, na kila lilipoletwa kikao kilivunjika kwa ajili ya chakula cha mchana.

Mama Mapacha

Basi waleteeni chakula humohumo ndani.