Tupeane uzoefu: kutunza betri ya gari lililoegeshwa muda mrefu kwa paneli ndogo ya sola

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, salaam. Gari langu hukaa wiki kadhaa bila kutembea kila ninapokuwa safarini, na mahali linapoegeshwa hakuna umeme wa kuchomeka chaja ya kawaida. Nimefunga paneli ya sola ya wati 10 pamoja na kidhibiti chaji chake, yaani kifaa kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi. Kwa kuwa wanaouliza habari za vifaa hivi hujibiwa kwa mkato tu, kwamba vinafaa au ni upotevu wa fedha, naomba kila aliyewahi kuvitumia aeleze ukubwa wa paneli yake, mahali alipoiweka, namna alivyoiunganisha, na volti alizozisoma.

Nianze na yangu. Kabla ya kununua chochote nilipima umeme unaoliwa na gari likiwa limezimwa na kufungwa, kwa maana alamu, saa, redio na kompyuta ya injini haviachi kunywa chaji hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nilifungua waya wa terminali hasi, nikaweka multimita (mita ya kupimia umeme) kati ya waya na betri, kisha nikasubiri zaidi ya nusu saa ili vifaa vyote vilale. Kipimo kikatulia kwenye miliampia 40. Kwa magari mengi kiasi cha kati ya miliampia 20 na 50 ni cha kawaida. Ukikipigia hesabu, miliampia 40 kwa saa 24 ni karibu ampia-saa 1 kila siku, kwa hiyo betri ya ampia-saa 60 hubaki na nusu ya chaji baada ya mwezi mmoja, mbali na ile inayopotea yenyewe ndani ya betri na ambayo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Betri ya risasi na asidi ikiachwa katika hali hiyo, salfeti ya risasi hujikusanya kwenye sahani zake na kukakamaa, na hapo hata chaja nzuri hairudishi uwezo wote uliopotea.

Paneli ya wati 10 hutoa takriban nusu ampia juani. Siku ikipata jua linalolingana na saa 4 za mwanga kamili, tunazungumzia ampia-saa 2 kabla ya upotevu, yaani kiasi kinachotosha kulipa deni la siku na kubakiza kidogo. Tangu niifunge, kila ninaporudi hukuta betri ikisoma kati ya volti 12.6 na 12.7, ambazo kwa betri ya kawaida ni chaji kamili.

Mchangiaji wa pili

Ahsante kwa hesabu, ndugu mwanzisha mada. Mimi nilianza na paneli ya wati 5 iliyokuja na waya wa kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Taa ya paneli iliwaka vizuri kabisa, lakini betri iliendelea kushuka hadi volti 12.2, yaani kama nusu ya chaji. Sababu ni kwamba katika gari langu, kama ilivyo katika mengine mengi, tundu hilo hukatwa umeme ufunguo unapozimwa, kwa hiyo paneli ilikuwa imeunganishwa na waya usiofika popote, na taa yake ilionyesha tu kwamba kuna jua. Anayetaka kutumia tundu hilo achukue mita, azime gari, aondoe ufunguo, kisha apime kama bado kuna volti 12. Zisipokuwepo, aunganishe moja kwa moja kwenye betri, au atumie waya wa tundu la OBD (lile ambalo fundi huchomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), ambalo pini yake ya 16 huwa na umeme wa betri wakati wote.

Mchangiaji wa tatu

Kwangu tatizo lilikuwa kioo. Paneli niliilaza juu ya dashibodi, na mita ikaonyesha mkondo mdogo sana ukilinganishwa na nilioupata nilipoishika nje ya gari saa ile ile. Kioo cha mbele hupunguza mwanga, hasa kikiwa na rangi au utando wa kuzuia joto. Paneli iliyolala haielekei jua inavyopaswa. Na joto la ndani ya gari lililofungwa hupunguza nguvu ya paneli kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25. Jambo nililolidharau ni kivuli cha waipa. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo kivuli chembamba juu ya seli moja kinaweza kubana mkondo wa paneli nzima.

Sasa paneli iko juu ya paa la gari, imeshikwa kwa kamba, na waya wake unapita chini ya ukingo wa boneti. Haipendezi machoni, lakini inachaji.

Mchangiaji wa nne

Naomba tusisitize habari ya kidhibiti chaji, kwa maana wauzaji wengi husema paneli ndogo haikihitaji. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Wati 5 hutoa chini ya ampia 0.3, na kwa betri ya ampia-saa 60 hicho ni kiasi kidogo kiasi kwamba betri hukimeza bila taabu. Lakini mimi niliunganisha paneli ya aina hiyo kwenye betri ya pikipiki yenye ampia-saa 5, bila kidhibiti, na baada ya muda maji ya betri yalikuwa yameshuka chini ya alama. Paneli inayoitwa ya volti 12 huweza kufika volti 18 hadi 22 ikiwa haina mzigo, na betri ndogo iliyojaa haiwezi kuizuia isipandishe volti hadi asidi ianze kutoa mapovu ya gesi. Kidhibiti kizuri hushikilia betri iliyojaa kwenye volti 13.5 hadi 13.8.

Mchangiaji wa tano

Mimi hufungua terminali hasi, basi. Sina paneli wala waya. Hasara yake ni kwamba alamu hailindi gari na redio husahau mipangilio.

Mwanzisha mada

Ndugu wa tano, njia yako ni halali na kwa gari la zamani huenda ndiyo bora kuliko zote. Kumbuka tu kwamba betri iliyofunguliwa bado hujipotezea chaji polepole, kwa hiyo baada ya miezi michache ya joto inahitaji kuchajiwa.

Kuhusu hoja ya mchangiaji wa nne, nakubaliana naye, ila naongeza kwamba kidhibiti chenyewe hula umeme. Cha kwangu hula miliampia 10 usiku na mchana, ambayo ni robo ya kile kinacholiwa na gari lenyewe. Ndiyo maana sishauri mtu afunge kidhibiti kikubwa chenye skrini kwa ajili ya paneli ya wati 5. Asiyetumia kidhibiti ahakikishe paneli ina dayodi ya kuzuia umeme usirudi kutoka kwenye betri usiku. Kulipima hilo ni rahisi: funika paneli kwa kitambaa kizito na uangalie kama mita inaonyesha mkondo unaokwenda kinyume.

Mchangiaji wa sita

Je, paneli kama hizi zinaweza kufufua betri iliyokwisha kabisa? Gari langu halishiki hata stata.

Mchangiaji wa nne

Ndugu, hapana. Kwa ampia-saa 2 za siku njema, ukiondoa moja inayoliwa na gari, betri tupu ya ampia-saa 60 ingehitaji karibu miezi miwili, na wakati huo wote salfeti ingekuwa ikikakamaa. Ichaji kwanza kwa chaja ya umeme hadi ijae, iache ipumzike usiku mzima, kisha pima. Ikishika volti 12.6, funga paneli. Ikirudi chini ya 12.2 bila mzigo wowote, tafuta betri nyingine. Na kama betri yako ni ya lithiamu, usitumie kidhibiti cha betri za risasi kabla ya kuthibitisha kwamba kina mpangilio wa lithiamu.

Mwanzisha mada

Nimeulizwa pembeni kuhusu mpangilio wa kuunganisha. Kidhibiti huunganishwa na betri kwanza ili kitambue volti zake, ndipo paneli ifuate. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutoka. Fyuzi ndogo iwekwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu hatari ya moto inatokana na betri na si paneli, na waya unaopita chini ya boneti huweza kusagika. Wanaoendelea kuleta vipimo vyao naomba wapime alfajiri kabla ya jua, kwa kuwa mchana mita husoma volti za chaji inayoingia, na hizo hazisemi betri ina akiba kiasi gani.