Wiki ya tano tangu nigonge kichwa, kichefuchefu hakiishi, naombeni ushauri

fundi_makochi

Wakuu habari za muda huu. Mwezi uliopita nilipanda boda maeneo ya Tabata tukaingia kwenye shimo nikarushwa, kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Helmeti ilikuwepo moja na ilikuwa kichwani kwa dereva. Wanasema nilizima kama dakika moja, mimi nakumbuka tu nimekaa chini nimeshika kiatu kimoja naulizia kingine. Hospitali wakapiga CT scan, wakasema hakuna damu wala mfupa uliopasuka, ni mtikisiko wa ubongo, nenda kapumzike.

Kichwa kuuma kumepungua sana ila kichefuchefu jamani. Asubuhi nikigeukia upande wa kulia kitandani dari linazunguka kama feni, linatulia baada ya muda mfupi ila tumbo linabaki limevurugika mpaka saa nne. Kwenye daladala nikishika simu vituo viwili tu natafuta dirisha. Kazini ndio balaa, nashona makochi, gundi niliyoivuta miaka tisa bila shida sasa hivi wakifungua tu kopo natoka nje. Nimepima malaria mara mbili hakuna, taifodi hakuna, duka la dawa wamenipa za vidonda vya tumbo nimemaliza dozi na hali ni ileile. Kila siku nameza diklofenaki ya kichwa. Mama mkwe anasema nimechezewa. Nifanyeje?

bi_shuwea

Pole sana mdogo wangu. Mungu akuponye.

kidume_wa_mbagala

Umepima mimba mkuu? 😂

fundi_makochi

@kidume_wa_mbagala hata wife kauliza hivyohivyo, endeleeni tu

tabibu_wa_kata

Mkuu mimi ni tabibu, siwezi kukutibu kwa simu ila kuna vitu kwenye maelezo yako vinaongea vyenyewe.

Kwanza, CT scan kuwa safi haimaanishi huumwi. Kile kipimo kinatafuta damu na mifupa iliyovunjika, mtikisiko wenyewe hakiuoni maana ni utendaji wa ubongo ndio umevurugika. Wengi wanapona ndani ya wiki mbili mpaka mwezi, wachache inawachelewesha kama wewe.

Pili, acha kulihangaikia tumbo. Dari kuzunguka ukigeukia upande mmoja halafu linatulia, hilo mara nyingi ni sikio la ndani. Kule ndani kuna chembechembe ndogo za chokaa zinazosaidia mwili kujua uko wima au umelala, ukigongwa zinachomoka mahali pake na kuingia kwenye vimfereji vya sikio, kila ukigeuza kichwa zinabingirika na kuudanganya ubongo kwamba unazunguka. Kichefuchefu kinafuata hapo kama mtu aliyepanda boti siku ya upepo. Hii inatibika na wala sio kwa kidonge, mtaalamu anakulaza na kukugeuza kichwa kwa mpangilio mpaka zirudi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo au fizio anayejua mambo ya kizunguzungu.

Tatu, hiyo diklofenaki ya kila siku punguza haraka, ongea na daktari wako. Yenyewe inakwangua tumbo na kuleta kichefuchefu, na dawa za maumivu ukizimeza siku nyingi mfululizo zinageuka kuwa ndio zinazokuletea kichwa.

golikipa_mstaafu

Yote aliyosema tabibu yalinikuta mimi, nilipigwa goti la kichwa kwenye mechi ya mtaani hapa Mombasa. Kosa langu nilijifungia chumbani giza wiki tatu nikidhani ndio kupumzika kumbe nazidi kulegea. Fizio aliniambia siku mbili za kwanza sawa tulia, baada ya hapo anza kutembea mdogomdogo, ukiona dalili zinapanda rudi nyuma, kesho ongeza kidogo. Nilianza na kuzunguka msikiti wa jirani mara mbili nikirudi jasho linanitoka kama nimebeba magunia, baada ya mwezi nilikuwa natembea saa nzima. Kwenye gari kaa mbele, angalia mbali barabarani, simu weka mfukoni hata ikiita. Usikae na njaa, mimi tumbo tupu lilikuwa linazidisha, nilikuwa nakunywa uji kidogokidogo na chai ya tangawizi isiyo kali.

mama_wawili

Hayo ya kulazwa na kugeuzwa kichwa si utavunjwa shingo jamani? Kuna vidonge vya kizunguzungu vinaitwa sinarizini, dada yangu anavimeza mwaka wa pili sasa anaendelea vizuri

tabibu_wa_kata

@mama_wawili mwaka wa pili bado anavimeza, hapo anaendelea vizuri kweli? Vile vinafaa siku chache hali ikiwa mbaya, ukivizoea vinaufanya ubongo uchelewe kujizoesha upya. Kuhusu shingo una hoja, ndio maana nimesema aende kwa mtaalamu asijifanyie kwa kuangalia video, aliangukia kichwa na shingo lazima ikaguliwe kwanza.

mzee_wa_ngamiani

Naongezea la kuogopa kidogo, samahani. Baba yangu mdogo hapa Tanga alijigonga kwenye fremu ya mlango, hata hakuvimba. Kama wiki ya sita tukaanza kuona ndala ya mguu wa kushoto inabaki mlangoni, anaingia ndani na moja na hana habari. Tukasema uzee. Halafu akaanza kusahau majina ya wajukuu. Kupiga picha, damu imejikusanya taratibu juu ya ubongo. Walimtoboa fuvu wakaitoa na sasa anacheza bao na anaiba kete kama zamani. Kwa hiyo kijana, picha ya siku ya kwanza isikulaze usingizi moja kwa moja.

tabibu_wa_kata

Mzee ameongea. Hiyo inawapata zaidi wazee, wanywaji wa pombe na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, ila yeyote anaweza. @fundi_makochi ukianza kutapika mara kwa mara, kichwa kikawa kinazidi badala ya kupungua, mkono au mguu ukalegea, ulimi ukawa mzito, degedege, mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au usingizi ambao wife anashindwa kukuamsha, usilete uzi hapa. Hospitali usiku huohuo.

fundi_makochi

Nimeelewa wakuu, sina hata moja kati ya hizo, shukrani kwa Mungu. Pombe situmii. Kesho naenda, mama mkwe nimemwambia akaombe na mimi naenda kwa daktari, tukutane katikati

fundi_makochi

MREJESHO baada ya siku kumi na moja. Samahani nimechelewa nilipunguza simu.

Daktari alikagua shingo kwanza, akanikalisha kitandani, akageuza kichwa kulia akanilaza ghafla kichwa kikaning'inia kidogo nje ya kitanda. Dari likaondoka. Nilimshika mkono kwa nguvu, akasema usifumbe, nataka kuona macho, kumbe macho yenyewe yalikuwa yanarukaruka. Likatulia, akageuza kichwa kushoto, tukasubiri, nikalala ubavu uso unaangalia sakafu, tukasubiri tena, nikakalishwa. Kidogo nimtapikie nesi. Siku ile nilishinda kama nimelewa, ila kesho yake nikageukia kulia kwa woga na dari likabaki palepale, nikarudia mara tatu nisiamini.

Diklofenaki nimeacha, kichwa kiliuma siku nne hivi halafu kikalegeza. Daladala bado inanisumbua ila nakaa mbele na konda ameshanizoea. Gundi ndio bado kabisa, dogo anapaka mimi nakata vitambaa nje chini ya mwembe. Narudi kwa daktari wiki ijayo.

golikipa_mstaafu

Safi. Harufu ndio ilikuwa ya mwisho kuniachia pia, kwangu ilikuwa manukato ya mke wangu, ugomvi wake acha tu.

kidume_wa_mbagala

Na helmeti mkuu?

fundi_makochi

Nimenunua yangu natembea nayo. Boda wa kijiweni wananiita mwanaanga